Miji Pacha: Kwa Nini Meya Asafiri Ng'ambo Kuweka Shada la Maua?

Mpenzi msomaji, bila shaka umewahi kusikia redioni ama kusoma gazetini kwamba wakubwa fulani wamefunga safari kwenda ng'ambo "kudumisha uhusiano wa miji". Picha huwaonyesha wakiwa wamevaa suti nzuri nzuri, wanapeana mikono na kutabasamu, na nyuma yao kuna meza iliyosheheni vinono. Nawe hapo ulipo, barabara ya kwenu ina mashimo kama handaki na taka hazijazolewa tangu mwezi jana. Unajiuliza, "Sasa hii nayo ni kazi gani jamani? Si ni kwenda kula tu?"

Swali hilo ni la haki kabisa na halifai kupuuzwa. Kusudi la makala haya ni kulijibu. Ili tusizungumze hewani, nitakupeleka katika miji miwili iliyowahi kuteketezana kwa moto, mmoja Uingereza na mwingine Ujerumani, kisha tuone watu wake walitembeleanaje. Fuatana nami.

MJI PACHA NI NINI?

Miji pacha, ambayo wengine huiita miji dada ama miji ndugu, ni miji miwili ya nchi mbalimbali ambayo mabaraza yake yamewekeana mkataba wa urafiki. Mkataba huu hauna askari wa kuulinda, wala hakuna mahakama ya kumshtaki atakayeuvunja. Nguvu yake yote ni nia njema ya wakazi. Wakichoka, urafiki unabaki kwenye karatasi na kwenye kibao kilichosimikwa kando ya barabara.

Hata kwetu mambo haya yapo. Nairobi ilifunga udugu na Denver ya Marekani mwaka 1975, nayo Mombasa ikafunga na Seattle mwaka 1981. Siku hizo miji yetu ilikuwa na mameya na madiwani. Tangu mwaka 2013 mameya walipoondoka, kazi hiyo imekuwa ya magavana na serikali zao za kaunti.

Jambo lenyewe ni la kale. Paderborn wa Ujerumani na Le Mans wa Ufaransa husema kwamba udugu wao ulianza mwaka 836. Hata hivyo, mtindo huu ulishika kasi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1956 Rais Eisenhower wa Marekani aliwahimiza raia wa kawaida wafanye urafiki na raia wa nchi nyingine bila kungoja mabalozi. Mwaka 1963 Ufaransa na Ujerumani, maadui wa siku nyingi, zilitia sahihi mkataba wa urafiki, na leo miji ya nchi hizo mbili ina mapacha zaidi ya 2,000.

Ziara rasmi ya mji pacha ina taratibu zake. Meya mgeni huvaa mkufu wake wa cheo. Hupokewa katika jumba la baraza, hotuba husomwa, zawadi hubadilishwa, na Ujerumani mgeni huandika jina lake katika kitabu maalum kiitwacho Kitabu cha Dhahabu cha mji. Ikiwa siku yenyewe ni ya kumbukumbu, shada la maua huwekwa na watu husimama kimya. Halafu ndipo huja hiyo karamu tunayoiona magazetini. Sasa, je, kuna lolote la maana nyuma ya haya yote? Twende Coventry.

USIKU WA MBALAMWEZI

Coventry ni mji wa viwanda katikati ya Uingereza. Zamani ulisifika kwa baiskeli, halafu magari, na wakati wa vita ukawa unaunda injini za ndege na silaha. Kwa hiyo ulikuwa shabaha. Usiku wa tarehe 14 Novemba 1940, mbalamwezi ikiwaka kama mchana, ndege za Ujerumani zipatazo 500 ziliumwagia mji huo mabomu kwa muda wa saa kumi na moja hivi. Watu zaidi ya 500 waliuawa. Maelfu ya nyumba yalibomoka au kuharibika, na Kanisa Kuu la Mtakatifu Mikaeli, lililokuwa limesimama tangu zama za kati, likabaki kuta tupu na mnara.

Asubuhi moshi ulikuwa bado unafuka. Mwashi mmoja aitwaye Jock Forbes aliona boriti mbili za paa zilizoungua zimeangukiana mfano wa msalaba, akazifunga pamoja na kuzisimamisha. Kasisi mwingine akaokota misumari mitatu ya kale iliyoanguka kutoka paani, akaiunganisha ikawa msalaba mdogo. Huo ndio mwanzo wa ule unaojulikana hadi leo kama Msalaba wa Misumari.

Mkuu wa kanisa hilo, Kasisi Dick Howard, naye akaagiza maneno mawili yachongwe ukutani, nyuma ya madhabahu: "Baba, Samehe."

Hapa, sisi wanachama wa chama cha Kiswahili tuna la kutazama. Hakuandika "Baba, uwasamehe", yaani wale walioturushia mabomu. Wala hakuandika "utusamehe". Kile kiambishi cha mtendewa alikiacha nje. Ni nani wa kusamehewa? Ni wao? Ni sisi? Ni wote? Kiambishi kimoja tu kikiongezwa, ukuta ule ungekuwa wa kuwashtaki watu wa upande mmoja. Kilipoachwa, kila anayepita pale anajiuliza kama na yeye yumo.

Siku ya Krismasi mwaka huo huo, Howard alizungumza redioni kutoka katika magofu yale na kuwaambia Waingereza kwamba walikuwa wakijitahidi, ingawa ni vigumu, kuondoa mawazo ya kulipiza kisasi. Kumbuka kwamba wakati huo vita vilikuwa bado vimepamba moto. Mwezi wa Aprili 1941 Coventry ulipigwa tena. Wengi hawakupendezwa na maneno yake, na nani atawalaumu? Mtu aliyefiwa jana haambiwi kirahisi asahau.

KITAMBAA CHA MEZA CHENYE MAJINA 830

Miaka miwili baadaye, habari zilifika za mji mwingine uliokuwa ukisagwa na vita, Stalingrad, katika Urusi. Pale mapigano yalianza Agosti 1942 na kuisha Februari 1943, mji ukiwa umekuwa kifusi. Wanawake wa Coventry waliyajua machungu hayo. Wakachukua kitambaa cha meza, na wanawake 830 wakatarizi majina yao humo, kila mmoja akatoa na peni sita za kusaidia. Katikati yalitariziwa maneno yenye maana kwamba msaada mdogo ni bora kuliko huruma kubwa. Kitambaa hicho kikapelekwa Stalingrad pamoja na pesa, na mpaka leo kinatunzwa katika makumbusho ya mji huo, ambao tangu mwaka 1961 unaitwa Volgograd.

Mwaka 1944 miji hiyo miwili ikafunga udugu. Watu wengi huutaja kama mfano wa kwanza wa udugu wa miji wa siku hizi. Tazama basi mpangilio wake: kitambaa kilitangulia, mkataba ukafuata. Wahenga walisema undugu ni kufaana wala si kufanana, na hapa methali hiyo ilitimia bila hata kutajwa.

Lakini kumhurumia rafiki anayepigana na adui yako ni rahisi. Mtihani mgumu ni kumhurumia adui mwenyewe. Mtihani huo ulikuwa unakuja.

DRESDEN NAO WATEKETEA

Dresden ni mji wa Ujerumani ulio kando ya mto Elbe, uliosifiwa kwa majumba yake mazuri. Usiku wa tarehe 13 Februari 1945, vita vikiwa vinakaribia kwisha, zaidi ya ndege 700 za Uingereza ziliupiga kwa mabomu ya kulipuka na ya moto. Kesho yake na kesho kutwa zikaja ndege za Marekani. Moto ulikuwa mkubwa hata ukavuta upepo wa dhoruba. Tume ya wanahistoria iliyotoa ripoti yake mwaka 2010 ilikadiria kwamba waliokufa walifika hadi 25,000. Kanisa la Frauenkirche, lenye kuba kubwa la mawe, lilistahimili siku mbili, kisha asubuhi ya tarehe 15 likaporomoka lote.

Hebu linganisha. Coventry ulipoteza watu zaidi ya mia tano, Dresden maelfu kwa maelfu. Mtu wa Coventry angeweza kusema, "Wao ndio walioanza." Mtu wa Dresden naye angeweza kusema, "Ninyi mlizidisha." Wote wawili wangekuwa na hoja, na wangeweza kukaa hivyo hadi kiama. Daftari la kisasi halifungwi, kwa kuwa kila mmoja anahesabu kuanzia siku aliyopigwa yeye.

Coventry ulichagua njia nyingine. Mwaka 1947 ulifanya urafiki na Kiel, bandari ya Ujerumani iliyopigwa vibaya vile vile, na mwaka 1959 ukafunga udugu na Dresden. Dresden wakati huo ulikuwa Ujerumani ya Mashariki, upande wa pili wa Vita Baridi. Yaani kwanza walikuwa maadui wa vita vya jana, pili walikuwa wapinzani wa siasa za leo.

VIJANA WALIOCHUKUA SEPETU

Kilichofuata ndicho kilichonifanya niandike makala haya. Mwaka 1961 vijana wa Kijerumani walikuja Coventry kwa hiari yao, wakajenga kituo cha kukutania ndani ya magofu ya lile kanisa lililochomwa na baba zao. Nalo kanisa kuu jipya, lililobuniwa na Basil Spence, lilizinduliwa tarehe 25 Mei 1962 likiwa limeungana ubavu na magofu ya lile la zamani. Magofu hayakubomolewa, yameachwa yaonekane.

Mwaka 1965 ikawa zamu ya Waingereza. Kundi la vijana lilitoka Coventry likaenda Dresden, likafanya kazi kwa miezi kadhaa kusaidia kujenga upya hospitali ya kanisa iliyokuwa imebomolewa na mabomu ya Uingereza. Hawakuwa mameya wala mabalozi. Walikuwa vijana wa makamo ya kaka na dada zetu, wanasomba matofali na kuchimbua kifusi, jioni wanakula na wenyeji.

Linganisha hayo na ziara nyingine iliyofanywa na mkubwa zaidi. Mei 1992 sanamu ya Arthur Harris, kamanda wa ndege za mabomu za Uingereza, ilizinduliwa London. Wakazi wa Dresden walikasirika. Oktoba mwaka huo huo Malkia Elizabeth alizuru Dresden na kuhudhuria ibada ya upatanisho. Ilikuwa ziara ya heshima kubwa, lakini baadhi ya watu njiani walimzomea na mayai yakarushwa. Tunajifunza nini? Kwamba sherehe peke yake haiponyi kidonda. Mgeni hata awe na taji kichwani, wenyeji watatazama kwanza kilichofanyika nyumbani kwake.

MSALABA KUTOKA KWA MWANA WA RUBANI

Baada ya Ujerumani mbili kuungana mwaka 1990, watu wa Dresden waliamua kulijenga upya Frauenkirche. Mawe yake yalikuwa yamelala rundo moja kwa zaidi ya miaka arobaini. Yaliokotwa moja moja, yakapimwa na kuandikwa namba, na yaliyofaa yakarudishwa ukutani. Ndiyo maana ukilitazama kanisa hilo leo utaona madoa meusi kati ya mawe mapya meupe. Yale meusi ni ya zamani. Gharama ilikuwa takriban yuro milioni 180, na zaidi ya nusu ilitokana na michango.

Uingereza nako kulianzishwa mfuko wa kuchangia mwaka 1993. Mfuko huo uligharimia tufe na msalaba wa dhahabu wa kuwekwa kileleni mwa kuba. Miongoni mwa mafundi wa London walioutengeneza alikuwamo Alan Smith, ambaye baba yake alikuwa rubani katika shambulio lile la Februari 1945. Msalaba ulikabidhiwa tarehe 13 Februari 2000, ukapandishwa kileleni Juni 2004, na kanisa likafunguliwa rasmi tarehe 30 Oktoba 2005. Baba alipita juu ya mji ule na mabomu, mwana akaurudishia kilele chake.

Ndani ya kanisa hilo leo kuna Msalaba wa Misumari kutoka Coventry. Kila Ijumaa adhuhuri, Coventry na Dresden husali sala moja ya upatanisho iliyoandikwa mwaka 1958, ambayo kiitikio chake ni yale maneno mawili ya ukutani.

TAREHE 13 FEBRUARI IKOJE?

Kila mwaka siku hiyo inapofika, Dresden huwa na shughuli ya kumbukumbu, na wageni kutoka Coventry wamekuwa wakihudhuria mara nyingi. Usidhani ni shughuli nyepesi. Watu wenye siasa za chuki, wafuasi wa mawazo ya Hitler, wamejaribu mara kwa mara kuiteka siku hiyo. Wao hutia chumvi idadi ya waliokufa na kuzungumza kana kwamba Ujerumani haikumkosea mtu. Ndiyo maana tangu mwaka 2010 wakazi hushikana mikono jioni, maelfu yao, wakafanya mnyororo wa watu kuuzunguka mji wa kale. Usiku, saa ile ya shambulio, kengele za makanisa hulia kwa pamoja.

Na wenyeji hawajifanyi malaika. Hukumbuka pia kwamba sinagogi la Dresden lilichomwa Novemba 1938, miaka mingi kabla ya bomu la Mwingereza kuanguka pale, na Wayahudi wa mji huo wakapelekwa kuuawa. Sinagogi jipya lilifunguliwa mwaka 2001, tarehe 9 Novemba, siku ile ile lililochomwa la zamani.

Sasa mfikirie mgeni katika shughuli hiyo. Anasimama mbele ya wafiwa wa watu waliouawa na wazee wake. Akinyamaza sana, ataonekana hana utu. Akiomba radhi sana, nyumbani kwake watamwita msaliti. Mwaka 2015, ilipotimia miaka 70, Askofu Mkuu wa Canterbury, Justin Welby, alisema katika Frauenkirche kwamba ana majuto na huzuni kubwa. Mara magazeti fulani ya Uingereza yakamjia juu, eti ameomba radhi kwa niaba ya mashujaa. Siku hiyo hiyo Rais Joachim Gauck wa Ujerumani alikumbusha kwamba Wajerumani wanaomboleza watu wao bila kusahau ni nani aliyeanzisha vita. Kila mmoja alisema lililo gumu kwa upande wake mwenyewe, akamwachia mwenzake aseme la kwake. Hapo ndipo ulipo uzito wa shughuli.

JE, SAFARI HIZI NI ZA KULA TU?

Turudi kwenye swali letu. Jibu langu ni kwamba nyingine ni za kula tu, na nyingine sizo. Utazitofautisha vipi? Uliza maswali matatu mepesi. Kwanza, kabla ya safari kulifanyika nini? Coventry walikuwa na kitambaa, peni sita na sepetu. Pili, ni nani waliosafiri? Kama ni wakubwa pekee kila mwaka, tia shaka. Kama wamo wanafunzi, mafundi na wauguzi, kuna jambo. Tatu, mgeni alirudi na nini? Picha na kanga za zawadi, ama kazi ya kuendelezwa?

Na tusidanganyane kwamba udugu wa miji unazuia vita. Tangu Urusi ilipoivamia Ukraine mwaka 2022, miji kadhaa ya Ulaya imesimamisha ama kuvunja udugu wake na miji ya Urusi. Mti huu hupandwa kwa miaka mingi na unaweza kukatwa kwa siku moja. Lakini pia Coventry na Stalingrad walianza kuupanda vita vikiwa havijaisha. Hawakungoja amani ije kwanza.

NA SISI JE?

Mwisho, msomaji mwenzangu, nina neno dogo la nyumbani. Miji yetu ina mapacha ng'ambo, na si vibaya. Lakini baada ya uchaguzi wa mwaka 2007, Wakenya zaidi ya 1,000 waliuawa, na mamia ya maelfu wakahama makwao. Kuna vijiji viwili ninavyovijua vinavyotazamana ng'ambo ya mto mmoja, watu wake wanauziana maziwa na mahindi sokoni, lakini hakuna anayekanyaga matanga ya mwenzake. Hao hawahitaji ndege wala pasipoti. Wanahitaji mtu wa kuvuka daraja siku ya kumbukumbu na kusimama kimya na wafiwa.

Kama wenye miji iliyoteketezana kwa mabomu waliweza, sioni kwa nini shule mbili zilizotenganishwa na mto zisiweze. Tunaweza kuanza na mdahalo wa Kiswahili, ama mechi ya kandanda, ama siku moja ya kufyatua matofali ya darasa lao. Shada la maua litakuja baadaye.

Kwa leo naikomea hapo. Msaada mdogo ni bora kuliko huruma kubwa. Wanawake 830 walitangulia kutuonyesha, kwa sindano na uzi.